Baada ya Usaili wa Kazi ya Afya

Vijana wa Konde waliosomea uuguzi hutuuliza: usaili ukiisha, yafuata nini? Twawajibu hivi. Tume ya Utumishi Serikalini hutangaza majina ya waliofaulu. Aliyefaulu hukaguliwa vyeti vyake halisi, hupewa barua ya ajira, kisha hufanya kazi kwa muda wa majaribio kabla ya kuthibitishwa.

Siku za kungoja ndizo za hatari. Mtu akija kwa siri akasema, "Nipe fedha nikuingize," asipewe hata senti moja. Enyi masheha na walimu, pelekeni habari zake kwa ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa iliyoundwa mwaka 2012. Aliyekosa naye asivunjike moyo. Nafasi zikitangazwa tena, na aombe. Mgonjwa ahitaji muuguzi mwenye ujuzi, si aliyenunua kazi.