IP ya kudumu au inayobadilika: Kabla hujalipia, soma hii

Umefunga kamera za CCTV dukani, fundi anakwambia uongeze hela kila mwezi ulipie IP ya kudumu, ile mafundi wanayoiita statiki, ili uone picha ukiwa mbali. Je, unaihitaji kweli?

Anwani ya IP ni namba inayokitambulisha kifaa mtandaoni, ili data ulizoomba zijue pa kurudi. Ya kudumu haibadiliki mpaka ibadilishwe makusudi. Inayobadilika, yaani dainamiki, unaazimwa tu: ukijiunga unapewa, muda wake ukiisha au ukizima ruta inaweza kwenda kwa mtu mwingine. Watumiaji wengi wako kundi hili la pili bila hata kujua.

Sababu kubwa ya kuazimishana ni uhaba. IPv4, mfumo wa zamani ambao bado unatumika sana, una anwani kama bilioni 4.3 tu, na akiba kuu ya dunia ilimalizika kugawiwa Februari 2011.

Kwenye simu ndiyo hali imebana zaidi. Mitandao mingi ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ndiyo maana unaweza kufungua tovuti ukaambiwa umezuiwa wakati hujafanya kitu; aliyeharibu ni mtu mnayechangia naye anwani. Zima data kisha washa tena, huenda ukapewa nyingine. Si dawa ya uhakika, ila ni bure.

IP ya kudumu inazifaa zaidi ofisi zenye seva zao, au zinazotumia mfumo unaoruhusu anwani maalumu tu kuingia. Kwa kamera za duka, hapana, si lazima. Nyingi za siku hizi unaskani kodi ya QR, picha zinapitia kwenye seva za mtengenezaji, unatazama kwenye app. Mwulize fundi kama zako zina njia hiyo.

Kama hazina, na kamera zitafunguliwa moja kwa moja kwenye intaneti, badilisha nywila ya kiwandani kabla fundi hajaondoka. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na rekoda zilizoachwa na nywila hizo, na Oktoba zikatumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani. Twitter na Netflix ziliyumba.

Halafu kuna IP ya kudumu isiyolipiwa: ya ndani ya ruta yako, zile namba zinazoanza na 192.168. Printa ya ofisi ikiwa inapotea kila mara kwenye kompyuta, fundi anaifungia namba moja kwenye ruta, basi. Kampuni ya intaneti haihusiki hapo. Ukitozwa kila mwezi kwa hiyo, umepigwa.