Lambo la Uani (Sehemu ya Pili)

Mtoto wa shule hapa Nkoma, wilayani Itilima, ukimwuliza bwawa ni nini, huenda akakutajia Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji na megawati zake 2,115, kama alivyokaririshwa. Lambo wanakonyweshwa ng'ombe wa kwao halimjii kichwani. Mimi ningeanzia kwenye lambo hilo, tena uani kwa bibi yake.

Mpeni jembe dogo achimbe mfereji mfupi, auzibe kwa tuta la luseni, udongo wetu wa kichanga. Nduguye azibe mfereji wa pili kwa udongo mweusi wa mbuga, aushindilie kwa miguu ungali na unyevu. Wamimine maji taratibu. La luseni litavuja na kumomonyoka. La mbuga litashika. Msiishie hapo: liacheni likauke juani mpaka lipasuke nyufa, kisha mmimine tena. Babu hatakosa la kueleza, maana wazee wa Kisukuma huujua udongo kwa majina na tabia zake.

Sasa jazeni maji mpaka yapite juu ya tuta. Hapa wazazi wengi tunaharibu, tunakimbilia kuziba. Tulieni. Mtoto aone maji yanavyochonga kijifereji, kijifereji kinapanuka, tuta linakwenda lote. Mwulizeni angefanyaje. Akisema tuta liongezwe kimo, aongeze. Maji yakizidi litakatika tena. Siku atakapochimba njia ya pembeni, chini kidogo ya kimo cha tuta, atakuwa amebuni utoro wa maji, na hakuna fundi wa mabwawa anayeusahau.

Kwa nini tuta huwa nene chini? Toboeni chupa ya plastiki matundu matatu, moja juu ya jingine, mjaze maji. Tundu la chini hurusha kwa nguvu kuliko yote, kwa kuwa limeelemewa na maji yote yaliyo juu yake.

Kwenye lambo lenyewe waende na mtu mzima, wala wasiingie majini. Kingo zinateleza, na majini huishi konokono wanaoeneza kichocho, ugonjwa uliozoeleka mno Simiyu. Huko wachomeke kijiti pale maji yanapoishia, warudi wiki ijayo kupima. Nyumbani waweke karai la maji juani (kuku wakizuiwa, kazi si ndogo) waone jua peke yake linapunguza kiasi gani.

Juma lijalo: tope linalofukia malambo, na linakotoka.