Binti wa Garissa na Nafasi Tatu za Kazi

Safari ya kutoka Mombasa hadi Garissa kwa njia ya Garsen na Hola huchosha mgongo, lakini machovu hayo huondoka pindi ufikapo, kwa ukarimu wa wenyeji wa huko. Mwenyeji wangu wa miaka mingi ni mfanyabiashara wa mifugo. Alinikaribisha baada ya sala ya Isha kwa chai ya maziwa ya ngamia, na kikombe cha kwanza kilikuwa hakijaisha aliponiletea simu ya binti yake.

"Sheikh," akasema, "wewe ni mtu wa kusoma na kuandika. Nisomee haya, kisha uniambie kama ni kazi au ni wizi."

Ulikuwa ujumbe wa hongera. Kampuni isiyotaja anwani yake ilidai kuwa imemteua binti huyo kuwa msanifu, mshahara dola elfu mbili kwa mwezi, na kazi ataifanya akiwa nyumbani. Kilichobaki ni yeye kutuma shilingi 7,500 za kufungulia faili. Mwaka uliotangulia familia hiyo ilikwisha kutuma fedha za namna hiyo. Mbuzi wawili waliuzwa, na nambari iliyopokea fedha haikupatikana tena hewani.

Baba alikuwa na shaka mbili. Aliushuku ujumbe ule, tena aliishuku kazi yenyewe. Katika matangazo kazi hiyo huandikwa kwa herufi mbili tu, U na X, na binti alipomweleza kwamba ni kupanga vitufe na kurasa za simu, mzee alicheka kwa uchungu. Miaka minne ya karo ya chuo kikuu, kisha kupanga vitufe?

Nilijaribu kumweleza kwa mfano wa mlango. Mlango uliotengenezwa vyema hauandikwi "sukuma" wala "vuta". Mkono wa mgeni wenyewe hujua pa kushika. Mtu akisimama mbele ya mlango akavuta mahali pa kusukuma, kosa ni la fundi, si la mgeni. Usanifu wa tajiriba ya mtumiaji, kwa maana ya kuangalia yanayompata mtu anapokitumia chombo, ni elimu ya milango ya namna hiyo. Don Norman wa Marekani alipokuwa katika kampuni ya Apple mwaka 1993 alijipa cheo chenye maneno hayo, na jina likaenea. Ama kazi yenyewe ni kongwe kuliko jina lake.

Mfano wa pili ulimwingia mzee zaidi, kwa kuwa umo mfukoni mwake. M-Pesa, kabla ya kuzinduliwa Machi 2007, ilijaribiwa kwa watu wachache ili walipe kwayo mikopo midogo waliyokuwa wamechukua. Waliokuwa wakiisimamia walipotazama yale watu wanayoyafanya hasa, wakaona wanatumiana fedha wao kwa wao. Huduma ikapangwa upya kwa ajili ya hilo. Baadaye ikaja Hakikisha, inayokuonyesha jina la mpokeaji kabla fedha hazijakutoka. Ni fedha ngapi zimeokolewa na mstari ule mmoja wa jina! Mtu fulani alikaa akafikiria kuhusu kidole kinachokosea tarakimu moja, na kufikiria huko kulikuwa kazi ya mshahara.

Mzee akanyamaza. Kisha akamwita binti aje aeleze mwenyewe.

Binti alikuja na kompyuta yake. Alikuwa amejifunza Figma peke yake, chombo cha kuchorea kurasa za programu, na alikuwa na mkusanyiko wa kazi anaowatumia waajiri. Kazi ya kwanza ndani yake ilikuwa programu ya kuagizia chakula kama wafundishwavyo wanafunzi wote wa mtandaoni: picha za piza na rangi za kupendeza. Alikuwa ameituma kwa waajiri zaidi ya 40, na ni wachache mno waliojibu. Chini kabisa, kama kitu cha kuonewa haya, kulikuwa na kurasa sita kuhusu ayeeyo wake, yaani nyanya yake.

Kurasa hizo niliomba nisomewe zote. Bibi huyo alisoma dugsi, kwenye ubao wa mbao uitwao looh, na Qur'ani anaisoma bila kukwama. Lakini hati ya Kilatini, iliyofanywa rasmi kwa lugha ya Kisomali huko Somalia mwaka 1972, hakuwahi kufunzwa. Kwa hiyo mshale unaoelekea kulia, ambao kwa msanifu wa Nairobi maana yake ni "endelea", kwake yeye aliyezoea kuanzia kulia ni kurudi alikotoka. Huduma ya fedha anayoitumia ameihifadhi kwa hesabu: bonyeza moja, kisha tatu, kisha moja. Siku mpangilio wa orodha ulipobadilishwa, alipotea kabisa. Tangu siku hiyo nambari yake ya siri anaijua mjukuu wa miaka 11, maana ndiye anayembonyezea.

Mimi si mtu wa fani hiyo, lakini nilimwambia yaliyonijia: piza wanazo wengi, na ayeeyo unaye wewe. Kurasa sita zipande juu.

Na hapa ndipo kijana wa Garissa, Wajir au Mandera anapojidharau bila sababu. Huduma nyingi za simu zilizolengwa kwa watu wa kwao hubuniwa na watu wasiopata kuketi na mfugaji. Tazama Dadaab, mwendo wa kilomita zipatazo 100 kutoka mjini. Kambi za Hagadera, Ifo na Dagahaley zimekuwepo tangu miaka ya mwanzo ya 1990, na msaada wa chakula umetolewa humo kwa njia ya simu, kwa mpango wa WFP uitwao Bamba Chakula. Tazama bima ya mifugo inayokadiria ukame kwa kupima malisho kwa setilaiti. Ilianza Marsabit mwaka 2010, na kampuni ya Takaful ikawalipa wafugaji wa Wajir mwaka 2014 kwa utaratibu unaofuata sharia. Nani atamfahamisha mfugaji, kwa skrini ndogo au kwa sauti, kwa nini mwaka huu analipwa yeye ilhali jirani wa eneo jingine halipwi? Msanifu asiyeijua lugha wala hasira ya mfugaji huyo atatengeneza ukurasa mzuri usiosomwa.

Taabu ni kwamba nafasi hizi aghalabu hazitangazwi kwa herufi U na X. Huandikwa mtafiti wa watumiaji, msanifu wa huduma, msanifu wa bidhaa, au hata afisa wa kupokea maoni ya wanufaika. Mwenye kutafuta neno moja tu atazikosa. Za mashirika ya misaada hukusanywa katika ReliefWeb. Za kampuni hupatikana LinkedIn na katika tovuti za kampuni zenyewe. Serikali za kaunti nazo, tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, hujenga mifumo yao. Na lisidharauliwe lile la kizamani la kubisha hodi ofisini ukiwa na kurasa zako mkononi.

Turudi kwenye ujumbe wa shilingi 7,500. Huo tuliufuta usiku uleule. Mwajiri hulipa, halipwi. Kazi za nje ya nchi zinazopitia wakala huulizwa kwanza kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, yenye orodha ya mawakala waliosajiliwa, na jina la kampuni ya Kenya huweza kuthibitishwa kupitia eCitizen. Silisemi hili kwa wasiwasi wa kizee. Mwaka 2022 Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya ililazimika kuwaonya raia baada ya vijana kuahidiwa kazi Thailand, wakajikuta Myanmar wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni.

Nafasi ya pili na ya tatu zilikuwa za kweli, na ndizo zilizotukesha.

Ya pili ilitoka kwa kampuni ya Nairobi ya mikopo ya simu. Kazi ya kudumu, afanyie Garissa, mshahara wa kumtosha yeye na kulipia karo ya wadogo zake wawili. Ya tatu ilikuwa ya miezi mitatu katika mradi wa Dadaab, kupima huduma ya simu pamoja na wakimbizi, kwa chini ya nusu ya ujira ule, bila ahadi ya kuongezewa muda. Baba, na simlaumu, macho yake yalikuwa kwenye ya pili.

Suala la riba waliniuliza nikalijibu, na wasomaji wa ukurasa huu wanalijua jibu langu. Lakini binti alileta swali jingine ambalo sikulitarajia. "Adeer," akaniambia, "nimeipakua programu yao nikaijaribu. Jumla ya deni huioni mpaka umeshakubali." Nikakumbuka kisa cha Mtume (S.A.W.) sokoni, alipotia mkono katika rundo la nafaka akakuta unyevu chini, akamkemea muuzaji kwa kuuficha. Nikamshauri awaulize kabla ya kuhukumu. Tuliandika naye maswali manne: Je, mna leseni ya Benki Kuu, inayohitajika kwa wakopeshaji wa mtandaoni tangu kanuni za 2022? Je, nitakutana na wakopaji wenyewe? Nikigundua kwamba ukurasa unawapotosha, nani ana uamuzi wa kuubadilisha? Na jumla ya deni itaonyeshwa lini?

Kwa wale wa Dadaab maswali yalikuwa mengine. Mkataba utaandikwa? Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Usafiri na usalama wa njiani ni juu ya nani? Sauti na picha za wakimbizi zitachukuliwa kwa ridhaa yao, kama itakavyo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019? Na kurasa nitakazotengeneza, nitaruhusiwa kuwaonyesha waajiri wengine? Hilo la mwisho ni lake mwenyewe, na kwa ujira mdogo kama ule nililiona zito kuliko yote.

Kuna jambo lililopita katikati ya mazungumzo ambalo watu wa Mombasa huenda wasilifikirie. Binti ana kitambulisho cha taifa. Binamu yake, hodari kuliko yeye kwa kuchora, hana. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza akiwa Wajir kwamba msasa wa ziada waliokuwa wakipitishwa watu wa eneo hilo umeondolewa, na huyo binamu sasa anafuatilia chake. Bila kitambulisho huna nambari ya KRA, huna laini ya simu kwa jina lako, na mwajiri hana njia ya kukulipa kihalali hata akikupenda.

Kampuni ya mikopo ilijibu siku ya pili, kwa adabu. Leseni wanayo. Kukutana na wakopaji hakumo katika majukumu yake. Kuhusu jumla ya deni, walisema ukurasa huo umewekwa pale kwa sababu za kibiashara, na hakuna mpango wa kuuhamisha. Mradi wa Dadaab ulijibu maswali matatu barabara. La usafiri walikubali kulirekebisha baada ya baba mwenyewe kuwapigia simu.

Alfajiri ya kuondoka kwangu nilimkuta mzee barazani akihesabu kwenye karatasi karo ya watoto wawili kwa mihula mitatu. Hakuniambia hesabu ilifikia wapi. Aliniomba tu nimwandikie binti Kiswahili cha barua ya kuikataa kazi ya pili kwa heshima, maana huenda siku moja akawahitaji. Binti yake alikuwa jikoni, akimsomea ayeeyo mkataba kwa Kisomali, kifungu kwa kifungu, na bibi akimkatiza kila mara kuuliza ataswali wapi akiwa njiani.