Umemsamehe, au Umemnyamazia Tu?

Kuna mtu ukimwona kwa mbali pale Kenyatta Avenue unavuka barabara, hata kama unakoenda ni upande ule ule. Usijifanye huna. Wangu anaimba kwaya. Kila Jumapili anasimama mbele na joho lake, nami nainamia simu nikijifanya natafuta mstari.

Miaka mitatu iliyopita tulikuwa tumekodi chumba kimoja Kaptembwo. Nilimpa 18,000 za karo anipelekee benki kwa sababu siku hiyo nilikuwa na kibarua. Alizibeti zote wikendi moja. Chuo hakikunisubiri, na mpaka leo sijarudi.

Nilipomweleza mzee mmoja wa kanisa, alinipa jibu unalolijua: samehe saba mara sabini. Nikasema sawa, nimesamehe. Lakini unaijua ile samehe ya mdomo. Usiku ukifika unazihesabu tena, noti kwa noti.

Halafu nikasoma Mathayo 18 kuanzia juu, kitu ambacho wengi wetu hatufanyi. Ile saba mara sabini iko mstari wa 22. Lakini kwenye mstari wa 15, kabla Petro hata hajauliza swali lake, Yesu anasema ndugu akikukosea umwendee, mkiwa wawili tu, umwambie kosa lake. Asiposikia, rudi na mtu mmoja au wawili. Sisemi usubiri akuombe msamaha kwanza. Marko 11:25 inakutaka usamehe ukiwa umesimama kuomba. Ila kunyamaza sijakuona popote hapo.

Na sisi wa Nakuru tunalijua hili vizuri. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini, na uwanja wetu wa maonyesho ya kilimo ukajaa mahema ya waliofukuzwa makwao. Desemba 2012 Uhuru Kenyatta na William Ruto, waliokuwa kambi hasimu 2007, waliungana kisiasa hapa Afraha. Aprili 2016, kesi za ICC zikiwa zimeanguka, wakarudi uwanja huo huo kwa maombi ya shukrani. Wakubwa walipatana, tukapiga makofi. Na aliyechomewa nyumba kule Molo au Kuresoi, nani alimketisha na jirani yake? Uchaguzi ukikaribia, bado kuna watu wanaofungasha mizigo.

Askofu Cornelius Korir wa Eldoret, aliyefariki 2017, alianza chini. Kanisa lake kuu lilikuwa limehifadhi maelfu ya waliokimbia. Aliwaketisha watu vikundi vidogo vidogo, kila upande ukatoa uchungu wake kwanza, kisha akawakutanisha. Kazi ya polepole, haina jukwaa wala spika.

Basi Jumamosi moja nikamngoja jamaa nje, baada ya mazoezi ya kwaya. Mikono ilikuwa inatetemeka, sikudanganyi. Nikamwambia zile pesa zilinitoa chuo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kwani bado? Nilidhani uliachilia, hukuwahi kusema kitu."

Siku hizi hunitumia 500 kwa M-Pesa kila mwisho wa mwezi. Ufunguo wa nyumba yangu sijampa na sidhani nitampa. Mwezi uliopita hakutuma. Nikampigia siku hiyo hiyo.