Mashine ya Kura na Karatasi Inayobaki

Upigaji kura wa kielektroniki huweza kujumuisha kazi tatu, yaani kumtambua mpiga kura kwa alama za vidole, kupiga kura yenyewe kwenye mashine, na kutuma matokeo kwa mtandao. Malawi, iliyoandikisha wapiga kura wa uchaguzi wa Septemba 2025 kwa vifaa vya kampuni ya Smartmatic huku upinzani ukidai vikaguliwe, imebaki na kura ya karatasi, na sababu nzuri ya kuithamini ilionekana Lilongwe Februari 3, 2020, pale Mahakama ya Katiba ilipobatilisha uchaguzi wa urais wa 2019. Miongoni mwa ushahidi mzito zilikuwamo fomu za matokeo ambazo tarakimu zake zilifutwa kwa Tipp-Ex, ule wino mweupe wa kusahihishia, na nyingine kuandikwa juu yake. Doa hilo kila wakala wa chama aliweza kuliona kwa macho, jambo ambalo tarakimu iliyobadilishwa ndani ya kompyuta haimruhusu.

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, ina Wakongomani wengi ambao nchi yao, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilikwenda mbali zaidi. Tangu Desemba 2018 mpiga kura wa Kongo huingiza karatasi kwenye mashine iliyotengenezwa Korea Kusini, hugusa picha ya mgombea, mashine ikachapa chaguo lake kwenye karatasi ile ile, naye akaikunja na kuitumbukiza sandukuni. Karatasi basi ilikuwapo, lakini tume ya uchaguzi haikutangaza matokeo ya 2018 kituo kwa kituo, hivyo wananchi hawakuwa na cha kulinganisha. Kenya ilifanya vyema zaidi mwaka 2022 ilipoweka fomu za vituo hadharani mtandaoni, kila mtu akaweza kujumlisha mwenyewe.

Mwaka 2023 Kongo iliwapa raia wake walio ughaibuni nafasi ya kupiga kura katika nchi tano tu, na Malawi haimo. Kinachokosekana ili wakimbizi wapige kura si mitambo, kwani ni Dzaleka hiyo hiyo ambako UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, lilifanyia majaribio mfumo wake wa alama za vidole mwaka 2013. Hata hivyo, kuzikabidhi alama hizo kwa serikali ambayo mtu ameikimbia kungemhatarisha, kwa hiyo daftari lolote la wapiga kura wakimbizi litapaswa kuanza upya, kwa ridhaa ya kila anayeandikwa.