Kiti Kimelipiwa, Mwenyewe Hayupo

Usiku wa Machi 1, 2018, theluji ikiwa imeitanda London, Arsenal ilifungwa 3-0 na Manchester City kwenye uwanja wake wa Emirates. Siku nne tu nyuma, City hao hao walikuwa wameichapa mabao matatu vilevile katika fainali ya Kombe la Ligi kule Wembley. Kamera za televisheni zilipita juu ya safu na safu za viti vyekundu visivyo na watu. Idadi rasmi ya watazamaji iliyotangazwa ilikuwa 58,420.

Hakuna aliyedanganya. Klabu ilihesabu tiketi zilizouzwa, na tiketi ya msimu huhesabiwa kuwa imeuzwa hata kama mwenyewe yuko kwake, amejifunika blanketi. Kwa mapato ya tiketi ya siku ile, kiti kitupu na kiti chenye mtu vilikuwa sawa. Kwa anayeuza soda, kwa mchezaji anayesubiri kelele, na kwa mwanachama aliyekosa tiketi, havikuwa sawa hata kidogo.

Pengo hilo ndilo linalozibwa na soko rasmi la klabu la kurudisha tiketi. Chukua mwenye tiketi ya msimu ambaye Jumamosi ana harusi ya shemeji yake. Jumatano anafungua programu ya klabu kwenye simu, anagusa mechi husika, anathibitisha. Kiti chake kinajitokeza kwenye ramani ya uwanja wanayoiona wanachama wengine. Mpaka hapo bado ni chake, na harusi ikiahirishwa anaweza kukiondoa sokoni. Ila mtu akishakilipia, msimbo uliokuwa kwenye simu ya kwanza unakufa na mwingine unazaliwa kwenye simu ya pili. Mwenye kiti akibadili mawazo na kufika getini, geti halifunguki.

Pesa nazo zina hesabu yake. Tuseme tiketi ya msimu ni pauni 760 na inahusu mechi 19 za ligi za nyumbani. Kila mechi basi ni pauni 40. Mnunuzi anaweza kutozwa bei ya mechi moja, tuseme pauni 55, pamoja na ada ya huduma. Mwenye kiti hurudishiwa zile 40, na katika klabu nyingi hazimfikii mkononi bali hukatwa kwenye malipo ya msimu ujao. Tofauti inabaki kwa klabu. Mfanyabiashara wa Kariakoo akiambiwa hivyo atauliza ni biashara gani hii ambayo mwenye mali hapangi bei, na swali lake ni la haki. Jibu ni kwamba mbele ya klabu mwenye kiti si mwenye mali. Alichonunua ni ruhusa ya kukaa mahali fulani kwa masharti fulani. Hapo hauzi chochote. Anairudisha ruhusa, na klabu ndiyo inayouza upya.

Nyuma ya masharti hayo ipo sheria, na chimbuko lake ni msiba, wala si bei. Aprili 15, 1989, msongamano katika uwanja wa Hillsborough, Sheffield, ulisababisha vifo vya mashabiki 97 wa Liverpool. Jaji Taylor, aliyeongoza uchunguzi, alipendekeza katika ripoti yake ya 1990 kwamba kuuza tiketi za soka bila idhini liwe kosa. Bunge likatunga sheria hiyo mwaka 1994, na mwaka 2006 ikapanuliwa ili iwabane pia walanguzi wa mtandaoni. Katika Uingereza na Wales, mtu asiye na idhini akiuza tiketi ya mechi inayohusika hata kwa bei ileile aliyonunulia, amevunja sheria. Anaweza kutozwa faini na kufungiwa kukanyaga viwanjani. Tiketi ya tamasha la muziki haina kosa la namna hiyo, kwa sababu kwenye muziki hakuna mashabiki wa pande mbili wanaotakiwa kutenganishwa.

Kutenganishwa huko kukilegea, matokeo huonekana kwa macho. Aprili 14, 2022, Eintracht Frankfurt ilikwenda Camp Nou, uwanja wa Barcelona, kwa robo fainali ya Ligi ya Europa ikiwa imegawiwa tiketi 5,000. Mashabiki wake walioingia walikadiriwa kuwa 30,000, wengi wakiwa wamevaa nyeupe, wameketi katikati ya wenyeji. Barcelona tayari ilikuwa na mfumo wake rasmi, Seient Lliure, uliomwezesha mwanachama kurudisha kiti chake na kupata sehemu ya mauzo. Lakini tiketi nyingi zilipita njia nyingine. Frankfurt ilishinda 3-2, na rais wa Barcelona, Joan Laporta, akasema waziwazi kuwa ameona aibu, kisha akatangaza tiketi zenye majina kwa mechi za kimataifa.

Upo pia mtego wa kukabidhi kazi ya kuuza tiketi upya kwa kampuni za nje zinazoruhusu bei kupanda. Schalke ya Ujerumani iliingia mkataba na Viagogo; mashabiki wakaja juu, na mwaka 2013 mkataba ukavunjwa.

Sasa baadhi ya klabu kubwa za Uingereza zimeongeza fimbo: mwenye tiketi ya msimu lazima kiti chake kitumike, kihamishiwe rafiki au kirudishwe sokoni kwa idadi fulani ya mechi, la sivyo huenda asiuziwe msimu ujao. Kwa mtu wa zamu za usiku, hilo ni kali. Kwa anayengoja kwenye foleni ya miaka, limechelewa.

Shabiki anayesafiri kutoka Nairobi au Dar es Salaam kwenda kuitazama Arsenal hukutana na soko hili akiwa upande wa mnunuzi. Kwanza lazima alipie uanachama. Kisha kazi ni kukodolea simu macho siku za mwisho kabla ya mechi, wakati wenye viti wanapokubali kwamba hawatakwenda. Viti huachiwa kimoja kimoja, kila kimoja na dharura ya mwenyewe, hivyo viwili vilivyo jirani ni adimu. Baba na mwanawe hupata kimoja nyuma ya goli na kingine ghorofa ya juu, wakaagana kwenye ngazi na kupanga wakutane wapi baada ya filimbi ya mwisho.