Ramani za Kale za Amerika: Dai Lililochongwa kwenye Shaba

Mwaka 1718, huko Paris, Guillaume Delisle alichapisha ramani ya Louisiana iliyowaudhi sana Waingereza. Makoloni yao ya pwani yalionekana yamebanwa kati ya bahari na milima ya Appalachia. Ng'ambo ya milima, bonde la Mississippi lote lilihesabiwa kuwa la Ufaransa. Miaka miwili baadaye Herman Moll akajibu kutoka London kwa ramani yake, akilalamika waziwazi juu ya ardhi ambayo Wafaransa walikuwa wakijitwalia. Mzozo ule ulianza kwa wauza ramani muda mrefu kabla ya kufika kwa majeshi.

Anayetaka kukusanya ramani za enzi hizo kwa kawaida huvutwa kwanza na mapambo: merikebu, wanyama, ngao za wafalme. Naona ingefaa aanze na swali jingine: nani anadai ardhi ipi hapa, na kwa ushahidi gani?

Ramani ya Virginia ya John Smith, ya mwaka 1612, inajibu kwa uaminifu wa kipekee. Kwenye mito yake kuna misalaba midogo. Hadi kwenye msalaba, Smith na wenzake walifika wenyewe. Kupita hapo, kilichochorwa kinatokana na maelezo ya wenyeji. Pembeni ameketi Powhatan, mtawala wao, ndani ya nyumba yake. Ukiifuatilia misalaba hiyo mto kwa mto, unaona jinsi ujuzi wa Wazungu ulivyoegemea watu ambao baadaye walinyang'anywa nchi hiyohiyo.

Si kila mchoraji alionyesha mpaka wa ujuzi wake. Ramani kubwa ya John Mitchell ya mwaka 1755, yenye karatasi nane, ndiyo waliyoitegemea wajumbe wa Uingereza na Marekani walipopatana mipaka mjini Paris. Katika kona yake, kiramani cha Ghuba ya Hudson kimefunika mahali ambapo chanzo cha Mississippi kingetakiwa kuonekana. Mkataba wa 1783 ukaandika kwamba mpaka utoke Ziwa la Woods uelekee magharibi moja kwa moja hadi mto huo. Kumbe mto unaanzia kusini zaidi. Mstari huo haukuwezekana kuchorwa. Marekebisho ya baadaye yaliacha kipande cha Minnesota kikiwa kimetengwa na jimbo lake, na hadi leo kukifikia kwa barabara ni lazima upite Kanada.

Sasa tuje kwenye karatasi yenyewe, maana hapa ndipo fedha hupotea. Ramani hizi nyingi zilichongwa kwenye bamba la shaba. Bamba likishindiliwa juu ya karatasi yenye unyevu huacha ukingo uliobonyea, ambao kidole huweza kuuhisi. Karatasi ya wakati huo, ukiiinua kwenye mwanga, huonyesha mistari ya chekeche iliyotumiwa kuitengenezea. Ukitazama kwa kioo cha kukuzia ukakuta vitone vidogo vya rangi, hiyo ni nakala ya kiwandani ya siku hizi. Bamba pia lilifutwa na kuchongwa upya: la Smith lilibadilishwa mara kadhaa, na matoleo ya mwanzo ndiyo yanayogombaniwa.

Rangi inahitaji uangalifu zaidi. Mashine ilitoa wino mweusi tu. Mipaka ilipakwa kwa brashi, kwa mkono. Kijani cha zamani kilichotokana na shaba hula karatasi polepole na kuacha hudhurungi upande wa nyuma. Lakini ramani nyingi zilipakwa rangi karne mbili baadaye ili ziuzike, na mpakaji huyo ndiye aliyeamua bonde la Ohio liwe la nani. Kwangu mimi, ramani isiyo na rangi ina thamani kuliko iliyorembwa hivyo.

Mwisho, ulizia ilikotoka. Ramani nyingi zilizo sokoni zilichomolewa kwenye vitabu vya ramani, hasara isiyorekebishika hata pale ilipofanywa kihalali. Mwaka 2005 Forbes Smiley, mfanyabiashara wa ramani, alikamatwa katika Chuo Kikuu cha Yale baada ya wembe wake kuonekana sakafuni mwa maktaba. Alikiri kuiba ramani 97. Baadhi zilikuwa zimekwisha kuuzwa kwa watu walionunua kwa nia njema, nao wakalazimika kuzirudisha.